Vumbi la Shina Bovu

2 Mei

Mjukuu wangu,

Huna adabu. Wiki sita kichwa kinakupasuka, unatapika, na mimi nasikia kwa muuza maziwa! Hali yangu hukuiuliza, basi jua mwenyewe: mzima, ila goti.

Naandika kwa mkono wangu. Darasa la tatu linatosha kumgombeza mtu. Acha kutafuna dawa za maumivu kama karanga. Nenda hospitali kubwa useme yote, hata hiyo shingo iliyokaza.

Bibi yako

9 Mei

Bibi, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Nimekwenda. Damu wamepima yote, ya ukimwi mara mbili. Safi. Daktari anahisi ni kuvu. Eti nilipopasua shina moja bovu kwenye kiwanda chetu cha mbao nilivuta vumbi lake, likafika mpaka kwenye utando wa ubongo. Nikamwambia kuvu ni ya mkate. Akasema huwapata zaidi wenye kinga dhaifu, lakini wazima kama mimi pia, na kwa kuwa hakuna anayewashuku, hugundulika wamechelewa.

Anataka kutoa maji ya uti wa mgongo ahakikishe. Nimekataa. Wenzangu wa msumeno wanasema sindano ile inalemaza. Mimi nabeba gogo peke yangu, Bibi. Nitapumzika, yatapita.

Mjukuu wako

14 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti liache. Mwandiko wako ulikuwa umenyooka kama ubao uliopigwa randa. Safari hii mistari imepandana. Unaona vitu viwiliviwili, sivyo? Hilo hukuliandika. Mwongo wewe.

Sasa sikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba yako alianza hivihivi, kichwa, kisha shingo. Daktari akaomba maji ya mgongo. Aliyekataa ni mimi. Nilisema mwanangu halemazwi. Nikamtoa hospitali akitembea mwenyewe, natamba njia nzima. Siku ya tisa tukamzika, miguu yote mizima. Ulikuwa na miaka minne, nikakwambia ni homa.

Hao wa msumeno wamesomea mgongo wa nani?

Usimalize barua hii umekaa. Inuka, mwite jirani akushike mkono, barabara usiivuke peke yako na macho hayo. Ukifika hospitali lala ubavu, kunja magoti mpaka kifuani, usijitikise, wachome. Kisha kalamu mpe nesi, aniandikie yeye. Mwandiko wako sitaki kuuona mpaka unyooke.

Bibi yako