Febronia na "Yeye" Wawili wa Kiingereza

Mang'ula,
Mwezi Mei

Dada mpendwa Konsolata,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Shemeji Theodori aliniambia umeshaanza kwenda kanisani mwenyewe, nikafurahi sana. Mimi ni mzima. Mvua zimepungua, mpunga umeanza kubadilika rangi, na watu wanashinda mashambani wakifukuza ndege. Nyie huko Mahenge najua mnajifunika mablanketi.

Uliuliza kwa nini siku hizi sipatikani jioni. Nikitoka shuleni nafundisha Kiingereza watu wazima wanaotaka kuongoza wageni msituni. Makosa yao ni yale yale ya wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Wanasema "I am go". Wakisimulia ya jana, kitendo kinabaki cha leo. Na "he" na "she" wanavichanganya, maana kwetu yeye ni yeye tu, awe baba au mama.

Miongoni mwao yupo Febronia, mjane wa Sanje anayeuza ndizi kando ya barabara. Wenzake wakikosea huinamisha macho. Yeye hucheka, kisha huuliza sababu. Siku moja alinibana mbele ya darasa: "Mwalimu, Waingereza wakimwona mtu kwa mbali, hawajajua ni mwanaume au mwanamke, wanamwitaje?" Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Mwezi uliopita alikuwa akijifunza kazi chini ya mwongozaji mzoefu, Alfonsi, wakiwapeleka wageni wawili, mtu na mkewe, kwenye njia ya mtoni. Alfonsi alitangulia kukagua kivuko. Mume alibaki nyuma akipiga picha nyani. Yule mama akateleza kwenye jiwe, mguu ukavunjika, akaangukia majini. Febronia alimvuta hadi kwenye mizizi ya mti, akamfunga hapo kwa kitenge chake ili maji yasimchukue, lakini kumtoa peke yake hakuweza. Akamwita Alfonsi, sauti ikamezwa na maji. Akakimbilia kwa mume.

Alimwambia, "He is fall! He is fall in water!" Mgeni akadhani ni Alfonsi aliyeanguka. Akasema pole, akaanza kupapasa simu aombe msaada. Febronia anasema aliutazama uso wa yule baba, akauona umetulia mno kwa mtu ambaye mkewe yuko majini. Hapo akajua kosa limetoka kinywani mwake. Mwingine angeishia kulia. Yeye alivuta pumzi, akapaza sauti: "Not he! She! Your wife!" Yule baba alitupa kamera, wakakimbia pamoja. Walimtoa akiwa anatetemeka, lakini hai. Alitibiwa Ifakara na sasa ameshasafiri kwao salama.

Kesho yake Febronia alikuja darasani kama kawaida. Watu walitaka kumpongeza, yeye akasimama kusimulia kosa lake. Alisema neno moja dogo lilitaka kumzamisha mtu, basi na wao walijue. Akaomba nilizoeshe darasa zima "he" na "she", nikafanya hivyo mpaka giza likaingia. Hakuna aliyelalamika. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona ujasiri wa namna hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuweza kulisema kwenye simu. Dada, nampenda Febronia. Tangu marehemu mke wangu Jane atutoke sikudhani ningeandika maneno haya tena. Juzi nilimwambia. Aliendelea kupanga ndizi zake, kisha akasema hatanijibu maadamu mimi ndiye ninayemsahihishia mtihani wa Kiingereza. Hataki mtu aseme alifaulu kwa sababu yangu. Nimwache kwanza afaulu kwa kichwa chake, ndipo nimwulize tena.

Nimemwomba Mwalimu Adolf wa shuleni kwetu asahihishe karatasi yake. Mtihani ni Juni, na mwenye hofu ya matokeo ni mimi. Akikubali, nakuomba uje unisemee kwa kaka zake. Akikataa, ichome barua hii, tusiizungumze tena.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako mwambie nampa shikamoo. Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Beatus