Kitabu Barazani, Chang'ombe

Jumanne, 4 Machi 1952

Bombani, kufua, mchuzi wa mchana. Kisha buibui, nikaenda tena chumba cha vitabu pale ukumbi wa mtaa. Juzi nilichungulia tu mlangoni. Leo nimeingia, nikakaa. Mwanamke peke yangu. Mwanamume mmoja kainua gazeti lake kahamia kona nyingine. Na ahamie.

Karani wa vitabu ni Bwana Elia, mtu wa bara, mpole, hunong'ona hata akipiga chafya. Kaniazima hadithi moja nene. Nimekuja nayo kifuani ndani ya buibui kama mwizi. 

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kakiona. Nilijua ataniambia nikirudishe. Badala yake kauliza kinasema nini.

Nikamsomea, yeye akipeta mchele. Binti anakwenda nchi ya ugenini kumtafuta kaka yake aliyefungwa bila kosa. Anavaa kanzu ya kiume ili afike mbele ya kadhi.

"Mwongo huyo aliyeandika," kasema mama mkwe. Kapeta tena. "Haya, endelea."

Tumekula saa kumi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Habari za binti zimevuma, majirani wamejaa uani kusikiliza. Bakari, mume wangu, katoka zamu ya usiku bandarini, anataka kulala. Nikawachukua wote chumba cha vitabu.

Kosa. Binti alipofika mlangoni kwa kadhi, jirani yetu Bi Tatu akaruka: "Asiingie! Watamjua!" Wengine wakamjibu. Wanaume wakalalamika. Bwana Elia katutoa nje, kitabu kakizuia. Pale ni mahali pa kimya, kasema.

Nimelia njia nzima. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumatatu, 10 Machi

Bombani hakuna habari nyingine. Bi Tatu aapa binti atanyongwa. Jirani mwingine keshamwoza binti kwa kadhi. Wananiuliza mie, na mie sijui!

Bakari kasikia kazini kuwa mkewe kafukuzwa ukumbini. Kaniambia nisikanyage tena. Nikaondoa vyombo. 

Jumatano, 12 Machi

Siamini ninachoandika. Asubuhi mama mkwe katoka chumbani na buibui lake la sikukuu. "Twende."

Bwana Elia kasimama, kamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Vitabu hivi mmevileta visomwe au vifugwe?"

"Visomwe, mama. Ila kwa kimya."

"Sie kwetu kitabu husomwa watu wakasikia. Maulidi umepata kuona yakinong'onwa?"

Bwana Elia kacheka. Kwa sauti! Wasomaji wote wakageuka. Kafikiri, kisha kasema: ndani patabaki na kimya chake, nasi tukae barazani nje, kila Alhamisi alasiri. Kitabu kanirudishia mkononi.

Njiani nilitaka kumkumbatia mama mkwe. Nikaona haya. Nyumbani kamwambia mwanawe, "Nimeruhusu mie." Bakari kainamia chai yake.

Kesho ni Alhamisi. Kesho!

Alhamisi, 13 Machi

Baraza imefurika. Mikeka, watoto mgongoni, bibi wa nyumba ya tatu kabebwa na kiti chake. Nilianza kwa sauti ndogo. Kisha nikasahau kama nipo.

Binti kaingia. Kasema mbele ya kadhi, kavua kilemba, nywele zikaanguka.  Kadhi kamwamuru askari amfungue kaka mtu.

Vigelegele! Wapita njia wakadhani kuna harusi. Bi Tatu analia na kucheka. Ndani hakuna aliyekuwa akisoma tena, wamebanana dirishani, Bwana Elia mbele yao.

Sauti imenikauka. Sijapata kufurahi namna hii, hata siku ya ndoa yangu. Mungu anisamehe, na Bakari pia.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu adhuhuri. Bakari kaenda kazini.

Mama mkwe anajua herufi za Kiarabu tangu chuo cha Kurani alichosomea utotoni. Leo kaniomba nimfundishe hizi za Kizungu. Kaanza kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, tukacheka sote.

Sasa kakaa kibarazani na kitabu kipya nilichoazima jana. Kidole kwenye mstari wa kwanza, midomo yacheza. Neno moja kalikosea. Kalirudia mwenyewe, kalipata.

Nami naandika hapa kando yake, simsemeshi.