Mstari Unaolalia Kushoto

Mukurweini, Jumapili baada ya kanisa

Kwako mdogo wangu Kalekye,

Uko aje, na hilo goti lako liko aje? Mvua imewafikia huko Mwingi, ama bado mnatazama mawingu yakipita kama wageni wenye haraka? Mimi niko. Nasema niko, sisemi niko mzima, kwa sababu mtu hadanganyi dada yake. Jino linaniuma, na baridi ya hapa inaingia kwa mifupa bila kupiga hodi. Lakini watoto wa Mwende wanakula na kulala. Yule mdogo mwanzoni alikuwa ananiita Cucu, vile nyanya wa hapa wanavyoitwa. Sasa ananiita Susu, vile kwetu Ukambani, na akikosea anajirekebisha mwenyewe.

Anayeandika ni mkwe wangu Muriithi. Mimi sikuingia shule hata kuchungulia dirishani, na wewe uliingia kidogo mbuzi wakakurudisha nyumbani. Basi nimeketi jikoni karibu na moto, yeye ameketi nje ya mlango akinipa mgongo, vile adabu yetu inavyotaka mama mkwe na mkwe wasitazamane. Nasema, anaandika. Kikamba hakiwezi, kwa hivyo tunaenda na Kiswahili, na Ndanu mke wa mwanao akusomee na kukugeuzia. Utasema kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, Kalekye. Mimi nikalia, wewe ukalia, chaji ikaisha, na hakuna mtu alikuwa amesema kitu. Karatasi hailii.

Hukuweza kuja kumzika mtoto wetu Mwende kwa sababu ya goti, na sikulaumu. Lakini kuna mambo hukuambiwa. Wamemlaza hapa chini ya shamba, karibu na migomba, kwa sababu aliolewa na hapa ndipo kwake. Udongo wa hapa ni mwekundu na una maji. Nilipoushika siku ile nilifikiria, huyu mtoto alizaliwa kwa mchanga mkavu, atazoea aje? Hayo ni mawazo ya mwanamke mzee. Wewe pia ungeyawaza.

Sasa nikuambie kilichonifanya nimwite mkwe aache ng'ombe aje kuandika.

Hapa wako na kikundi. Si cha pesa, si cha kanisa. Ni watu wanaopenda tu kutengeneza vitu kwa mikono. Wanakutana Jumamosi kwa boma la Nyambura, mwanamke mjane anayekaa ng'ambo ya barabara, na kila mtu anakuja na kitu alichotengeneza akiweke mezani wengine wakione. Kuna askari mmoja kutoka Kakamega, mtu mkubwa kama ghala, anafuma soksi za watoto. Kuna mwalimu anayetengeneza viti kwa tairi kuukuu. Wanacheka, wanaulizana hii umefanyaje, wanapiga picha. Siku ya kwanza Mwende aliponipeleka, akiwa bado mzima, nilimwambia hawa ni watu wazima wanaocheza kalongo, kupika matope kama watoto. Akaniambia, "Mama, keti kwanza." Nikaketi. Jumamosi iliyofuata mimi ndiye niliyemharakisha.

Ni hapo alipotaka kusuka kiondo. Tangu awe mwalimu alikuwa hajagusa katani. Nikamwanzia kitako, vile mama yetu alitufanyia sisi: mama anaanza kitako, anamkabidhi binti, na binti anapanda nacho mpaka mdomo. Nilisokota uzi kwa paja langu hili kavu, nikafunga kitako, nikampa. Akapanda nacho. Alipanda nacho hata alipoanza kuugua. Alienda nacho hospitali Nyeri. Wakati mwingine mkono ulikuwa unatetemeka na mstari unaenda kama njia ya mlevi, lakini alisuka. Alifika karibu na mdomo, hapo ambapo mtu anaanza kufikiria mikanda ya ngozi. Hakuvuka hapo.

Unakumbuka mkono wake, Kalekye. Mkono wa kushoto. Unakumbuka mwalimu aliyemfunga huo mkono kwa kamba ili aandike na wa kulia, na vile nilienda shuleni na jembe begani nikamwambia huo mkono nimeuzaa mimi, kama amechoka nao anirudishie mtoto. Hakuufunga tena. Na mtu wa kushoto akisuka, uzi unapinda kinyume. Kiondo changu na chako mistari inalalia kulia. Chake kililalia kushoto, kama mahindi yaliyopigwa na upepo wa upande mwingine. Hata gizani ungepitisha kidole ujue: hii ni kazi ya Mwende.

Baada ya mazishi nilikitundika kwa msumari juu ya kitanda changu. Sikutaka kukimaliza. Watu waliniuliza mbona usikimalize, wewe ndiye fundi. Wewe nitakujibu: kilikuwa kimeishia pale alipoishia.

Halafu Nyambura akaja. Kikundi kile kina desturi moja nzuri. Mtu akikosa kuja, kazi yake huletwa na kuwekwa mahali pake mezani, ili nafasi yake isikae wazi. Akaniomba kiondo akiweke Jumamosi, Mwende asikosekane. Nikampa. Mimi mwenyewe, na mkono wangu. Na Jumamosi ile kilikaa mezani na ilikuwa vizuri, yule askari alivua kofia mbele yake. Nyambura akasema anabaki nacho kidogo. Nikafikiri anataka kukaa nacho tu, kwa sababu walikuwa marafiki. Nikasema sawa.

Jumamosi iliyopita nikaenda. Meza imetandikwa kitambaa cheupe, watu wananitazama kama wana siri. Nyambura akaingia ndani akatoka na kiondo. Kimemalizwa, Kalekye. Mdomo umefungwa, mikanda ya ngozi imeshonwa, ndani kimewekwa kitambaa. Kizuri, sitasema uongo, mikono ya huyo mwanamke ni mizuri. Wakapiga makofi. Mwalimu wa viti akapiga picha. Nyambura akakiweka magotini pangu na machozi yake tayari yako njiani, akasema ni zawadi ya kikundi.

Nikapitisha kidole. Nilianza chini kwa kitako, nikajikuta mimi. Nikapanda. Mstari unalalia kulia. Nikapanda tena, kulia. Mpaka mdomoni, kulia, umenyooka kama barabara ya lami.

Nikamuuliza, "Nyambura, ameenda wapi?"

"Nani, Cucu?"

"Mwende. Nimempitishia kidole kutoka chini mpaka juu na sijampata."

Nyambura alieleza mwenyewe na hakumsingizia mtu. Alisema alipotaka kukimalizia aliona mistari ya juu imepotea njia, akajua hii ni ile ya hospitali, ugonjwa ulikuwa umemshinda mkono. Hakutaka watu waone hivyo. Akaifumua ili aisuke upya. Kufika chini akaona nayo pia imelala vibaya, akafikiri kumbe mtoto wa watu aliugua siku nyingi na hakutuambia. Akaendelea kufumua, analia na kufumua, mpaka akafika kwa kitako akaona hapo mistari imelala sawa. Akasema moyoni, hapa ndipo alikuwa bado mzima. Akaanzia hapo.

Pale alipodhani mtoto alikuwa mzima ni mkono wangu. Yote yaliyokuwa ya mtoto, ameyatoa.

Alijua Mwende ni wa kushoto. Alimwona akinywa chai na kuandika. Lakini hakuwahi kuona mkono wa kushoto ukisuka, na Mwende alikuwa anasukia nyumbani, analeta mezani tu. Huyu mwanamke amefunza nusu ya Mukurweini kusuka, na mtu aliyezoea kurekebisha wengine akiona mstari umelala kinyume, vidole vinafumua kabla kichwa hakijauliza. Ningekuwa mimi, na ni kiondo cha mtoto wa mwingine, pengine ningefumua pia. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Sina mtu wa kumkasirikia vizuri.

Nilisimama nikasema asanteni, nikarudi nyumbani na kiondo. Muriithi alinikuta jikoni. Sikumwambia. Ni sasa anasikia, anapoandika. Amesimamisha kalamu kidogo. Tungoje.

Haya, anaendelea.

Nyambura alikuja kesho yake na maziwa. Hakuingia, alisimama kwa lango kama muuza mkaa. Nikamwambia aingie, ng'ombe wetu pia wanakamwa lakini maziwa hayakatazwi. Akasema atafumua yote, anirudishie uzi. Nikamuuliza na uzi huo nitaufanyia nini, mkono haurudi kwa sababu uzi umerudi. Nikampa chai na nduma za kuchemsha. Akala akilia, na mimi nikamwambia amalize nduma, asiniharibie chakula na machozi. Sijamsamehe vizuri, Kalekye, lakini nimemlisha, na ninajijua: nikimlisha mtu, hayo mengine yatakuja nyuma yakichechemea.

Sasa sikiliza, hapa ndipo barua inaenda. Mwende akiwa msichana alikusukia kiondo kidogo, kile cha kuwekea mbegu za kunde. Ulikitundika juu ya mafiga, kikawa cheusi kwa moshi. Nilipokuja huku kilikuwa bado pale na panya alikuwa ameanza kukitafuna upande mmoja. Hapa hakuna kingine. Soksi alinunua, sweta zilifumwa na mashine, na madaftari yake ni ya shule. Mkono wake uko kwa hicho kiondo, kama bado uko.

Nakujua wewe. Wewe hujawahi kuacha shimo lipumue. Ukiona uzi umechomoza unatafuta sindano. Kwa hivyo nakuomba na nakuamuru, mimi ndiye mkubwa: usikishone. Usikioshe ule moshi. Kama panya amekula, mwache na dhambi yake. Kama mbegu zinamwagika kwa shimo, weka sufuria chini zimwagikie humo. Na usinitumie kwa basi, kisije kikapotea. Nitakuja mwenyewe shule zikifungwa, na watoto, waone walikotoka.

Mkwe ameuliza, bila kugeuka, kama naye anaweza kuja kukishika. Nimemwambia tungoje jibu lako.

Msalimie Ndanu, na koo lake likikauka umpe maji, barua ni ndefu. Msalimie kaka yetu, mwambie aache kuuza mbuzi jike. Msalimie mzee wa kanisa aliyekuja kutuombea, na yule jirani yako mwenye ulimi, lakini yeye umsalimie kwa ufupi.

Ndanu akimaliza kusoma, inuka na goti lako, uende pale juu ya mafiga. Usiwashe taa. Pitisha kidole kutoka chini kwenda juu, pole pole. Kisha uniambie mstari umelalia wapi. Na kama ulishakifumua ukakisuka upya, niambie pia. Usinifiche. Mimi si mtu wa kufichwa.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Syombua, mama ya Mwende