Pikipiki Iliyokufa kwa Nafasi ya Mume Wangu

Mama Béatrice wa redio, salamu nyingi, mimi ni msikilizaji wako wa Buyenzi na jina langu naomba ulifiche, sijawahi kukuandikia, na hata sasa sijui kama nalia au nashukuru, maana mume wangu yuko hai, namsikia hapa uani akikohoa na kila akikohoa nasema alhamdulillahi, wakati mitaa mingine watu wanazika, kwa hiyo usinione mtu asiye na haya nikikuletea habari ya pikipiki.

Mume wangu ni fundi wa friji, wateja wake wako Cibitoke, Kinama, mpaka Kibenga kwa wenye majumba, na kote huko alikuwa anakwenda na pikipiki, ambayo tuliikatia bima kila mwaka bila kukosa hata katika vita hii. Juzi juzi alikuwa Kinama, ameiegesha kando ya barabara na kuingia kwa mteja, mara risasi zikalia upande wa juu, watu wakatimua mbio, na dereva wa kamio, lori la makreti ya bia, naye akataka kukimbia, akarudi nyuma kwa kasi bila kutazama, akaipanda pikipiki ikabaki bapa kama chapati. Mimi niliyeletewa habari nyumbani niliambiwa tu kwamba pikipiki ya fundi iko chini ya kamio, hakuna aliyeniambia fundi mwenyewe yuko wapi, nikatoka na kanga moja, mtu wa baiskeli akanipakia, njia nzima nasoma dua, nikamkuta amekaa mlangoni kwa mteja na glasi ya maji mkononi, hana hata mchubuko, nikampiga ngumi za kifua huku nacheka.

Jioni ile, pikipiki imeshaletwa uani kwa mkokoteni, shangazi yake Assia akaja kutupa pole, akaishika pikipiki akasema, "Shukuru Mungu, mutoto yangu. Hii pikipiki imekufa kwa nafasi yako, ni kafara." Sote tukaitikia amina. Basi mume wangu amelishika neno hilo na haliachi, pikipiki ameifunika turubai, watoto hawaruhusiwi hata kuigusa, na nikimwambia twende bima tukatoe taarifa ananijibu, "Apana, mi siendi. Ilikufa kwa nafasi yangu, sasa we unataka nikule feza ya maiti?"

Sasa anataka Ijumaa awape wahunzi wa majiko wakate vyuma, iwe sadaka, na karani wa bima niliyekutana naye sokoni aliniambia wazi kwamba eksperi wao, yule mkaguzi wa ajali, asipoiona pikipiki kwa macho yake hatutapata kitu. Yeye anatembea kwa miguu na boksi la vifaa begani, wateja wa Kibenga wameshachukua fundi mwingine, mdogo wake alimletea Yamaha yake aitumie akasema apana, miguu inatosha, akirudi imevimba namkanda kwa maji ya chumvi, na nyumba hii inakula kwa friji tu, hatuna kazi nyingine. Nikimgombeza naonekana nimesahau kwamba Mungu alinirudishia mtu, nikinyamaza Ijumaa inafika. Mama, niende bima kwa siri au niache?

Mke wa fundi

*

Mke wa fundi, pole, halafu hongera, na hongera iwe kubwa kuliko pole. Kwenye zile ngumi za kifua nimecheka mpaka wenzangu wa studio wamenitazama. Wala usione haya kuniandikia habari ya pikipiki. Aliyerudishiwa mume bado anahitaji kula.

Sasa nikugombeze kidogo. Umenieleza turubai, umenieleza shangazi, na jambo lenyewe umelipitisha katikati kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Shemeji yako alileta Yamaha, mumeo akakataa. Hukushtuka? Ile Yamaha haikufa kwa nafasi ya mtu yeyote. Mbona hakuipanda? Mama, mumeo anaogopa. Bima ikilipa pikipiki itapatikana tena, itabidi arudi barabarani, na neno la shangazi limempa mahali pazuri pa kujificha.

Shangazi hana kosa, alisema neno la kupoza moyo kama tunavyosema sote. Mkitaka uhakika wa dini muulizeni shehe wenu, mimi ni mtu wa kanisani. Lakini ya bima nayajua: pesa ile si ya maiti. Ni haki ya watu waliolipa, na dereva alirudi nyuma bila kutazama.

Kwa siri usiende. Mwanamume aliyetishika hivyo akigundua kwamba mkewe anamzunguka, ataiogopa na nyumba yake pia. Wahunzi waambie wasubiri, na pikipiki isitoke uani kabla eksperi hajaiona, hata ikibidi uikalie. Tena wapo watakaokushauri mfiche habari ya risasi, eti bima hailipi mambo ya vita. Usiwasikilize. Risasi zililia, kamio likagonga, semeni yote mawili kama yalivyokuwa. Pikipiki haina tundu la risasi, ina alama za tairi, na eksperi ana macho.

Wakilipa, hakuna anayemlazimisha kupanda. Kwa pesa hiyo nunueni mkokoteni, friji ziletwe Buyenzi, azitengeneze hapo uani ukimsikia anakohoa.

Nawe fundi, najua redio yako iko wazi, maana sijaona fundi anayefanya kazi bila redio. Jina lako sikulitaja. Hukufa, baba, na uhai huo hukumwibia mtu, hakuna anayekudai. Kuogopa si aibu. Mji huu nani haogopi? Mwite mke wako sasa hivi umwambie kwa mdomo wako, "Mi naogopa kupanda." Hatakucheka. Kesho asubuhi nendeni bima pamoja, na mkitaka, nendeni kwa miguu.