Ile Gari ya Mzee Kalinga

Jumatano, 5 Juni. Mbeya.

Wanafunzi wanne leo. Baridi kali, vioo vyote ukungu. Mchungaji bado anakanyaga klachi kama anaua nyoka. Tumepanda kilima cha Forest mara sita, gari imezima mara sita. Taratibu, baba mchungaji, taratibu. Neno hilo nimelisema miaka kumi na tisa, tangu nianze kufundisha udereva. Leo lilinichefua.

Nilikuwa nimekaa kiti cha kushoto, nawaza ile gari ya Iringa. Tena.

Sijawahi kuiandika humu. Niiandike basi. Mwezi uliopita nilikwenda Iringa kwenye sendofu ya binti wa dada yangu. Pale Ipogolo, uani kwa fundi mmoja, ilikuwa imeegeshwa, turubai limefunuliwa nusu. Ya bluu. Milango miwili. Iko chini kama imechuchumaa. Gia sita, turbo. Ilitoka Japani zamani, ikakimbia mashindano ya huku kwetu, kisha ikakaa. Kibao: INAUZWA, na namba ya simu. Niliganda pale mpaka shemeji akanifuata akidhani naumwa.

Nina miaka hamsini na moja. Naimba alto kwaya ya kanisa. Sielewi.

Ijumaa, 7 Juni.

Pesa ipo, na hilo ndilo tatizo. Ni ya gari ya pili ya shule. Ndogo, nyeupe, ya kufundishia. Mimi na Baba Gwamaka tumeiweka kidogo kidogo miaka mitatu. Wanafunzi wanangoja zamu mpaka wanachoka, wanaenda shule nyingine. Kila kitu kinasema nunua nyeupe.

Nimemwambia leo mezani kwamba naitaka ya bluu. Nilijiandaa kwa ugomvi, majibu yote ninayo. Yeye kamaliza ugali, kanawa, kasema, "Dereva ni wewe. Fanya unavyoona." Akaenda kuangalia kuku wake.

Nimekasirika. Afadhali angekataa.

Jumapili, 9 Juni.

Gwamaka kapiga simu kutoka Dodoma. Baba yake kamwambia. "Mama, hiyo ni gari ya vijana. Watu watasemaje?"

Watasema mama yako ana gari. Nikakata. Nikajuta. Sikumpigia tena.

Jumanne, 11 Juni.

Nilipita kwa Fundi Sanga, anayenitengenezea gari ya shule. Akahesabu kwa vidole. Vipuri mpaka uagize. Mafuta inakunywa. Barabara ya kwetu Isyesye itakwaruza tumbo kila siku. "Mwalimu, utaiweka uani uitazame kama ng'ombe wa maonyesho." Yote kweli. Nikashukuru, nikageuka kuondoka.

Akaniita. "Umesema gia sita?" Sita. Akafuta mikono kwenye ovaroli. Akatabasamu peke yake.

Hakunisaidia hata kidogo.

Alhamisi, 13 Juni.

Mwenye gari, niliyempigia wiki iliyopita kuuliza bei, kanipigia. Mzee Kalinga. Imeuzwa, mwalimu, pole sana. Nikasema hamna shida, mzee, ndiyo biashara. Nikaingia jikoni nikalia. Kwa ajili ya gari! Hata msiba wa shangazi sikulia hivyo. Nikaosha uso, nikaenda kumfundisha mtu kurudi nyuma.

Ijumaa, 14 Juni.

Kapiga tena. Haijauzwa. Mnunuzi kafika, kabla hajafungua boneti akauliza redio ina spika ngapi. "Mtu anayeanza na redio simuuzii. Wewe utaanza na nini?"

Nikasema sijui, mzee.

"Basi njoo."

Nimekata tiketi ya kesho. Baba Gwamaka kaniuliza kama nimechukua sweta. Basi.

Jumamosi, 15 Juni. Iringa.

Safari ndefu. Makambako pale upepo uliingia mpaka kwenye mifupa. Nimefika kwa dada, nikaweka begi, nikaenda moja kwa moja Ipogolo.

Mzee Kalinga ana miaka sabini na kitu. Mrefu, koti la suti, kandambili. Kamwene, kamwene, akanisalimu kwa Kihehe chake. Alinishika mkono akachelewa kuuachia, nikadhani ananipima. Kumbe ananitafuta. Haoni. Presha ya macho. Anaona mwanga na vivuli tu. Alikimbia mashindano miaka mingi na gari hii, na sasa huiosha kwa mkono kila Jumatatu kwa kuipapasa, kipande kwa kipande.

Nikamuuliza kwa nini anaiuza. Akasema haiuzi, anaitafutia mtu. Nikamuuliza bei. Akataja ileile ya kwenye simu, kisha akasema bei si neno. Nikamuuliza basi neno ni nini. Akacheka.

Sikuelewa kama amenikubali au amenifukuza. Kaniambia tu: kesho saa moja asubuhi.

Jumapili, 16 Juni. Iringa.

Niandike kama ilivyokuwa.

Saa moja kamili. Barabara tupu. Mzee akakaa kushoto, miwani myeusi, mikono magotini. Twende mpaka Ilula, tugeuze. Nilianza kama ninavyofundisha. Gia ya pili, gia ya tatu, vioo, ishara. Kilomita tano hivi akavumilia.

"Mwalimu, hii ni gari au jeneza?"

Nikakanyaga.

Sijui nitaandikaje. Mgongo uliingia kwenye kiti. Turbo ikapiga mluzi. Miti ikawa ukuta. Mia na kumi. Mia na arobaini. Mia na sabini, mimi, Mama Gwamaka. Kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Hakuna mwanafunzi, hakuna mkutano wa kwaya, hakuna goti linalouma. Nilisikia mtu anacheka kwa sauti. Ni mimi.

Ilula nilipunguza. Nikapita kwa adabu, nikageuza mbele ya mji.

Wakati wa kurudi sikupunguza. Kibao cha hamsini nilikiona. Nasema ukweli hapa, nilikiona. Nikasema moyoni, bado kidogo.

Wauza nyanya walishapanga ndoo zao kando ya lami. Lori lilikuwa limesimama kushoto. Mama mmoja akatoka mbele ya lori na ndoo yake. Breki. Nikavuta usukani kulia. Mlio. Kioo cha pembeni kikagonga ndoo. Kwenye kioo cha kati nikaona nyanya zimeruka, na mama anakaa chini. Anakaa au anaanguka. Watu wakasimama.

Sikusimama.

"Kitu gani hicho?" Mzee aliuliza.

"Mbuzi. Amepita salama."

Hakusema neno mpaka Ipogolo. Nami niliendesha sitini, kama mtahiniwa. Nikampa funguo. Nikasema nitafikiri.

Naogopa mpaka sasa. Na chini ya woga kuna kitu kingine. Nataka tena. Mimi ni mtu gani?

Jumatatu, 17 Juni.

Kwenye basi, Iringa mpaka Mbeya. Sikula. Sijui kama yule mama aliinuka. Naweza kumuuliza nani?

Baba Gwamaka kanipokea stendi. Vipi gari? Nzuri. Akabeba begi.

Jumanne, 18 Juni.

Darasa la alama za barabarani. Wanafunzi saba. Nikachora duara ubaoni, nikaandika hamsini ndani. Binti mmoja akauliza, mwalimu, kama barabara ni tupu? Nikaweka chaki chini.

Nikawaambia wapumzike.

Alhamisi, 20 Juni.

Mzee Kalinga kapiga saa nne, niko Uyole na mwanafunzi. Nikashuka nikapokea.

Anasema Jumatatu aliosha gari. Kioo cha kushoto kina ufa. Kwenye maungio yake vidole vimekuta mbegu, na ganda limekauka.

"Mwalimu, ulisema mbuzi. Mbuzi habebi nyanya."

Nikasogea kando ya barabara. Magari yanapita. Kisha akasema hakunipigia kunigombeza, gari ni yake na yeye ndiye aliyenichokoza. Na yeye aliisikia ndoo. Aliisikia, akanyamaza, kwa sababu alikuwa anafurahi. Miaka minne hakuwa amesikia injini ile ikiimba vile. "Kwa hiyo tuko wawili," akasema.

Nikarudi kwenye gari. Mwanafunzi akauliza kama kuna msiba.

Nakwenda Ilula. Nimeamua hilo tu. Kuhusu gari sijaamua lolote, usiniulize. Namwambia nani usiniulize? Najisemea.

Jumamosi, 22 Juni. Iringa.

Nilifika jana jioni, nikalala kwa dada, asubuhi nikapitia kwa Mzee Kalinga. Alitaka twende naye. Nikamkatalia, nikapanda gari za abiria peke yangu.

Ilula nilishuka penye wauza nyanya. Nikamuuliza wa kwanza: kuna mama aliangushwa na gari Jumapili? Wakageuka wote. Wakaita. Mama Zawadi!

Akaja anatembea. Anatembea. Mama wa miaka arobaini hivi, kiwiko kimefungwa kitambaa, goti limechubuka, anachechemea kidogo.

Nikasema ni mimi.

Hakuelewa. "Ni wewe nini?"

"Niliyekuwa naendesha ile ya bluu."

Wakanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. Mmoja akaangua kicheko. Mama Zawadi hakucheka.

"Sisi tunatafuta kijana. Siku zote hizi tunalaani kijana." Akanisogelea. "Mama mzima! Una watoto wewe?"

Ninaye mmoja.

"Na kazi yako nini?"

Nikamwambia kazi yangu. Hapo hata aliyekuwa anacheka akashika mdomo.

Nikasema kama anataka twende kituoni, nitajieleza mwenyewe. Akasema kituoni atapoteza siku nzima, nyanya zinaiva. Nikalipa zilizomwagika na ndoo, na dawa za zahanati. Akapokea, akafunga kwenye upindo wa khanga. Hakusema asante, na mimi sikutaka asante. Nikaaga.

"Unakwenda wapi? Kaa hapo." Akanigeuzia ndoo tupu pembeni ya lami.

Nikakaa. Saa nne mpaka saa nane. Hakunisemesha sana. Alipanga nyanya, akapungia mabasi, akakimbilia madirishani, akarudi. Magari yalinipita hatua mbili kutoka magotini. Kila lori likipita, upepo unanisukuma na mchanga unaingia mdomoni. Sikuwahi kujua. Miaka kumi na tisa nafundisha mwendo, sijawahi kukaa hapa chini ambako mwendo unapita. Gari ndogo nyeupe ilipita kama themanini hivi, na mimi mwenyewe nikapiga kelele na kurudi nyuma. Mama Zawadi akanitazama.

Nilipoondoka alinifungia nyanya kwenye mfuko. Nikatoa pesa, akasukuma mkono wangu. "Umetoka Mbeya mpaka hapa. Nenda salama, dada."

Nililia kwenye gari mpaka Ipogolo.

Jumapili, 23 Juni.

Kabla ya basi nilipita kumuaga Mzee Kalinga. Nikamweleza yote. Alisikiliza, kiganja juu ya boneti. Akauliza goti la yule mama mara mbili. Kisha akasema, sasa ningekuuzia.

Kwa nini sasa?

"Kwa sababu umerudi."

Mtu anakupa kitu unachokitaka kuliko vyote, siku ambayo huwezi kukipokea. Nilitazama gari. Bado nzuri. Nilidhani baada ya Ilula nitaiona mbaya. Haikuwa mbaya. Mimi nikiwa ndani yake, nikiona hamsini, nitasema bado kidogo. Najijua sasa. Sikuwa najijua.

Nikasema hapana, mzee.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema kuna mtu wa Chunya, wa machimbo ya dhahabu, amekuwa akimsumbua. Nikamwambia mzee, mpeleke kwanza kwa Mama Zawadi. Nilikuwa natania. Yeye akasema atampeleka.

Ndani ya basi nilingoja nafuu ije. Haikuja.

Jumatano, 26 Juni. Mbeya.

Wanafunzi watano. Mchungaji kapanda kilima bila kuzima, akapiga honi kwa furaha mpaka watu wakatoka nje.

Mzee Kalinga kapiga mchana. Gari imeondoka jana. Mtu wa Chunya alikaa Ilula saa nzima juu ya ndoo, akiwa na suruali yake nyeupe, na hakulalamika. Kwa hiyo jana imepita hapa Mbeya kwenda kwake. Sikuiona. Nilikuwa darasani.

Kesho tunakwenda kuangalia ile ndogo nyeupe.

Jioni nimemwambia Baba Gwamaka kila kitu. Mwendo, ndoo, uongo wa mbuzi, Mama Zawadi. Alikuwa anamenya viazi nje ya jiko. Hakuacha kumenya. Nilingoja anilaumu. Alisema siku ile mezani hakunijibu kwa sababu tangu tuoane hakuwahi kunisikia nikitaka kitu cha kwangu peke yangu. Aliogopa kukigusa.

Viazi vikaisha. Akafuta kisu.

"Ilikuwaje?"

Nikaanza tena: lori lilikuwa limesimama kushoto.

"Si hapo," akasema. "Kabla ya hapo. Ule mwendo."

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajaribu. Nikasema mgongo, nikasema miti, nikakwama. Akavuta kigoda chake karibu na changu. Nikaanza upya.