Mama wa Kwenye Simu

Jumamosi, 7 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: kwenye simu, Mama ni mimi.

Leo nimetandika zile shuka za bluu nyumba ya nyuma. Wageni wanne, wa ofisi moja huko Dar, wamekuja harusini hapa Kihesa. Wametupata kwenye programu ya nyumba za wageni. Picha ya pale ni ya Mama, jina ni Mama Upendo, lakini anayejibu meseji ni Upendo mwenyewe, yaani mimi. Kiingereza Mama hajui, na kuandika kwenye kioo kunamuumiza macho. Akisema "waambie karibu", mimi naandika mistari minne. Kule siogopi. Nawasalimia watu wazima, nawauliza safari, nawatania kuhusu baridi yetu. Lakini uso kwa uso, mgeni akiniuliza hujambo, naangalia vidole vya miguu yangu.

Nyumba ya nyuma ilikuwa ya Bibi. Tangu afariki ndiyo inayotusomesha. Vikapu vyake vya nyasi za milulu bado viko ukutani, kwenye misumari aliyogonga mwenyewe.

Mama amewapelekea ulanzi wa asubuhi, ile pombe ya mianzi, bado mtamu, kwenye chupa kubwa za maji. Msimu huu kila mgeni anapewa. Mama anasema asiyeonja ulanzi hajafika Iringa, amepita tu.

Jumapili, 8 Machi

Misa ya kwanza. Muziki nyumba ya nyuma karibu siku nzima. Mama kawaacha. Harusi ni harusi.

Aliyeweka nafasi anaitwa Dada Nasra. Amenikuta bombani asubuhi. Akaniuliza jina, halafu akasubiri. Watu wengi hawasubiri. Wanauliza, mimi nachelewa, wanaondoka. Huyu alisimama na mswaki mdomoni mpaka jina likatoka. Akasema, "Kumbe una sauti nzuri. Mbona unaificha?"

Siku nzima natembea na hilo neno. Nampenda Dada Nasra. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 9 Machi

Wameondoka alfajiri. Nimerudi kutoka shule nikamkuta Mama kapiga magoti nyumba ya nyuma, ndoo pembeni, sabuni ya mche mkononi.

Tope jekundu mpaka kwenye shuka. Walilala na viatu? Mafuta ya kuku kwenye godoro, yameingia ndani kabisa. Choo sitaki kukiandika.

Chupa moja ya ulanzi imepasuka. Waliibana kifuniko wakaiacha karibu na kitanda. Ulanzi haubanwi, unachachuka, unavimba, hata mtoto wa chekechea hapa anajua unaacha kifuniko kimelegea. Umeruka mpaka darini. Ukuta wote una michirizi, harufu ya siki, nzi.

Halafu kikapu. Kile cha rangi ya zambarau, cha mwisho Bibi kumaliza. Mtu alikitoa ukutani, akakiweka chini, kikawa pipa la takataka. Mifupa ya kuku, pakiti za tomato, vichungi vya sigara.

Mama alikishika kikapu muda mrefu. Hakulia. Heri angelia. Alisema tu, "Waandikie walivyo." Nikasema ndiyo Mama. Akarudi kusugua.

Nawachukia. Wote. Sijui kama na Dada Nasra.

Jumanne, 10 Machi

Programu inauliza: wageni wako walikuwaje? Kuna nyota tano za kubonyeza na nafasi ya maneno. Sijabonyeza.

Niseme sasa kilichobaki, maana cha Jumamosi kilikuwa nusu. Mama kila mara anasema ukweli. Mimi ndiye nisiyeuandika. Yule mzee aliyeondoka na mto wetu wa kulalia, Mama alisema, "Mwandikie kwamba ni mwizi wa mito, Mungu amsamehe." Niliandika: mgeni mtulivu, karibu tena. Wale waliotapika kwenye beseni la kuoshea vyombo, Mama alisema maneno ya Kihehe ambayo siyaandiki hata hapa. Niliandika: vijana wachangamfu.

Naogopa wageni na wao wakituandika vibaya, nyumba ikae tupu. Hiyo ndiyo sababu ninayojiambia. Nyingine ni aibu. Kumwambia mtu mzima umekosa, hata kwa vidole, siwezi. Na ya tatu, nampenda yule Mama wa kwenye simu. Hajawahi kukasirika. Nimemtengeneza mwenyewe.

Na nikiandika vibaya, jina litakaloonekana ni la Nasra. Yeye ndiye aliyeweka nafasi. Wale wengine hawana jina.

Alhamisi, 12 Machi

Kuna Mama Atupele, ana vyumba vya wageni Uyole, kule Mbeya. Hatujawahi kuonana, tuko naye kwenye kundi la WhatsApp la wenye nyumba za wageni. Leo kaniandikia pembeni. Kamwandikia Mama, yaani mimi.

Anasema wale watu wanne wana kazi Mbeya wiki ijayo na wameomba kwake. Nasra kamwambia muulize Mama Upendo wa Iringa, tulikaa kwake. Ndiyo kauliza. Wakoje, dada yangu? Mama mzazi wa Mama Atupele analala chumba kinachopakana na cha wageni. Ni mgonjwa, akisikia kishindo anaamka na kuanza kutetemeka, na hatulii mpaka kuche. Kwa hiyo anachagua watu.

Halafu kaandika mstari ambao nimeusoma mpaka simu ikaisha chaji:

"Yule kijana uliyemsifu mwaka jana alinivunjia dirisha na mlango. Sikukwambia. Nikajua kwako alikuwa mtu mzuri, labda kosa ni langu."

Namkumbuka huyo kijana. Kwetu alivunja kiti. Niliandika: anajisikia nyumbani.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeandika nikafuta. Nimeandika kwa Kiingereza, ikasomeka kama barua ya mwalimu mkuu. Nimeandika kwa Kiswahili, ikasomeka kama ugomvi wa bombani.

Nimemjibu Mama Atupele: nipe siku mbili. Kaweka kidole gumba. Ananiamini bado. Afadhali angenitukana.

Jioni meseji ya Nasra. "Asante Mama Upendo kwa ukarimu. Msalimie Upendo, mwambie asiifiche ile sauti." Na picha za maua. Kuhusu chumba, hakuna neno.

Mtu anawezaje kuwa hivyo? Akungoje mpaka useme jina lako, halafu aache godoro lile? Nilidhani watu ni wa aina mbili.

Jumapili, 15 Machi

Nimemwambia Mama.

Sikupanga. Tulikuwa tunamenya viazi jikoni baada ya Misa. Nikasema, "Mama, mimi sijawahi kuandika unachosema." Kisu chake kikasimama. Nikaendelea, nikiongea na ndoo ya maganda. Mto. Beseni. Kiti. Dirisha la Mama Atupele, na mama yake anayetetemeka. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo.

Mama akaniambia leta simu, nisomee yote, nigeuzie Kiswahili. Nikasoma, moja baada ya nyingine. Kwenye mzee wa mto alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Mtulivu! Ni kweli, aliuiba kwa utulivu." Nikacheka na mimi. Nikajua nimesamehewa.

Haikuwa hivyo. Tulipomaliza akasema, "Kumbe huko mimi ni mpole hivyo." Na baadaye, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo hakuna hata mmoja anayenijua."

Hilo limeniuma kuliko kama angenichapa. Nilidhani nampamba. Nilikuwa namfuta.

Akaendelea kumenya. Halafu akauliza kuhusu chupa. "Wewe uliwaambia wasibane kifuniko?"

"Hapana. Nilidhani wewe umewaambia."

"Na mimi sikuwaambia. Watu wa pwani watajulia wapi?" Akatikisa kichwa. "Basi ukuta ni wetu. Ukuta usiwaandikie. Lakini godoro hata pwani wanalo. Na kikapu kilikuwa juu ya msumari, hakikutembea chenyewe."

Nikashika simu niandike. Akanizuia. Kwao, anasema, mtu anaambiwa usoni kwanza, ndipo asemwe mbele za watu. Mbele ya watu kwanza ni umbea, hata kama ni kweli. Bibi alikuwa hivyo. Jirani akimkosea, alivuka barabara kwenda kumwambia mwenyewe, akirudi ndipo sisi tunasikia.

Nikasema haya, mpigie. Akanitazama.

"Wewe kila siku unaandika badala yangu. Safari hii mimi ndiye nitakayeandika. Wewe utaongea."

Nililia kidogo. Mama aliniacha nilie, akaosha viazi.

Nasra alipokea haraka. "Mama Upendo!" Nikasema, "Ni Upendo." Halafu sauti ikaisha. Na yeye akasubiri. Kama bombani. Sikusikia hata pumzi. Mama alikuwa ameshika kiwiko changu kwa mkono wenye maji.

Nikasema. Sikumbuki vizuri mpangilio. Nilisema godoro, na choo, na Mama alivyopiga magoti. Nilisema ukuta ni kosa letu. Nilisema kikapu kilikuwa cha mwisho Bibi kusuka, na kwamba tunaandika maoni, na tumeona tukwambie kwanza, Dada.

Kisha akasema, "Kikapu nilikitoa mimi."

Nilitaka kukata simu.

Alisema usiku ule walikuwa wamelewa wote, akatafuta pa kutupia mifupa, akaona kikapu. Asubuhi alikiona, na godoro aliliona. Alitaka kusafisha, gari likapiga honi, akaona aibu, akafunga mlango. Ndiyo maana alituma maua. Akasema, "Upendo, niandikeni nilivyo."

Nikasema, "Tutakuandika na mswaki pia." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani alielewa maana alicheka vibaya, kile kicheko cha mtu mwenye makamasi.

Jumatatu, 16 Machi

Mama ameandika. Miwani ya Bibi puani, kidole kimoja, kwa Kiswahili. Alinikataza kugusa. Nilichofanya ni kumwonyesha nukta iko wapi.

Nanakili hapa, maana ndiyo maneno yake ya kwanza kule:

"Wageni wanne. Walichafua godoro na choo, wakaondoka bila kusema. Walitupa mifupa kwenye kikapu cha marehemu mama yangu. Waliingia na viatu kitandani. Ukuta uliharibika lakini hilo ni kosa letu, hatukuwafundisha ulanzi. Nasra alikiri alipoulizwa na hakubisha. Alimsubiri mtoto wangu aongee. Yeye nitampokea tena, akija na adabu na ufagio. Wenzake bado."

Nyota mbili. Nilimwambia tatu. Akasema moja ni ya mswaki, moja ni ya kukiri, ya tatu waitafute Mbeya.

Nimemtumia Mama Atupele yote, na nikamwandikia kwamba kuhusu yule kijana wa dirisha, mimi ndiye niliyemsifu, si Mama. Nikaweka jina langu. Mara ya kwanza.

Jumatano, 18 Machi

Mama Atupele kajibu. Sauti, si maandishi. Kwanza alisema, "Kamwene, dada," salamu ya Kihehe kwa lafudhi ya Kinyakyusa, Mama kacheka sana. Kundi zima hatalipokea. Nasra atamchukua peke yake, maana Nasra mwenyewe alimpigia akamweleza kila kitu kabla hata hajasoma nilichomtumia. Mama yake yule mgonjwa atalala salama. Kwangu alisema, "Upendo, dirisha nilishabadilisha. Ila siku nyingine, binti yangu, niambie." Binti yangu. Na hajaniona.

Maoni ya Nasra kuhusu sisi yamefunguka, maana yanaonekana pande zote zikishaandika. Nyota nne. Kaandika ukarimu, kaandika ulanzi. Kaandika pia kwamba maji ya kuoga ni ya baridi na mlango wa choo haufungi, unaushika kwa mguu.

Nilimsomea Mama huku naogopa. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli, haufungi," akasema, akaenda kutafuta bisibisi.

Jumapili, 22 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana.

Godoro limekauka, doa limebaki. Tumeligeuza. Ukuta tumepiga chokaa, mimi na Mama, na dari kwa fagio lililofungwa kwenye mti. Bado kuna mchirizi mmoja juu ya dirisha. Mama kasema uache, utatukumbusha kuwaambia.

Kikapu nimekiosha kwa maji ya uvuguvugu, polepole, nikifuata milulu ilivyopita. Zambarau imefifia upande mmoja. Ukiweka pua karibu kuna harufu ya kuku kwa mbali sana, na chini yake harufu nyingine, ya moshi wa jiko la Bibi. Hiyo haikutoka. Nimekirudisha kwenye msumari wake.

Wageni wapya wanakuja kesho kutwa. Meseji ya kuwakaribisha ameandika Mama. Imesomeka: "Karibuni. Kuna baridi. Leteni sweta. Ulanzi msibane." Siyo nilivyozoea kumwandika. Ni yeye kabisa.

Nitawasalimia mimi, mlangoni. Nimejaribu mbele ya kioo. Naweza kufika mpaka "habari za safari" bila kuangalia chini.

Nasikia ndala za Mama ukumbini. Zamani ningeufunika ukurasa huu kwa kitabu cha Jiografia kabla hajafika. Kitabu kipo hapa, karibu na kiwiko, sijakigusa.

Mlango unafunguka. Anauliza naandika nini.