Namba Arobaini na Moja

Chumba Namba 9,
Nyumba za Wafanyakazi wa Hospitali.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na wanangu je, yule mkubwa ameacha kung'ata kucha au bado anazitafuna mpaka nyama? Goti lako linaendeleaje? Nilikuambia uache kupanda ngazi ukiwa na mizigo, na najua hukuacha, maana wewe kuambiwa ni kazi bure.

Mimi mwili haujambo. Hayo mengine utayasoma humu, na nakuomba uyasome umekaa. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu. Simu ningeweza kupiga, lakini ungenikatiza, nami ningelia, tukaishia kulia wote wawili bila kuambiana kitu.

Basi nikuambie moja kwa moja: baba yako, Baba Mkubwa wangu, amekuwa mgonjwa. Usishtuke, yuko hai, yuko kwenye meza yake ya kutengeneza saa, na leo asubuhi amenigombeza kwa kuchelewa. Lakini kwa wiki kadhaa alikataa kabisa kutibiwa, na aliyemfanya akatae ni mimi, mtoto aliyemlea na kumsomesha mwenyewe. Mimi Kidole. Jina hilo alinipa yeye, unakumbuka, kwa sababu vidole vyangu ndivyo vilivyoweza kuokota skrubu zikidondoka chini ya meza. Wewe ulikuwa unakaa pale unakula mkate tu, usibishe.

Ili unielewe, lazima nikupeleke kazini kwangu kwanza. Ni chumba namba nne. Kuna meza, viti viwili, kitanda cha kupimia wagonjwa ambacho siku hizi kimegeuka mahali pa kurundika mafaili, na kompyuta. Kompyuta iko katikati ya meza, waya wake hauvutiki zaidi ya hapo, kwa hiyo mgonjwa akikaa naona paji la uso tu. Kwenye pembe ya skrini kuna saa ndogo. Mgonjwa akiingia inaanza kuhesabu. Nina dakika sita. Zikipita inakuwa nyekundu, na mwisho wa mwezi wekundu wa kila daktari unabandikwa ukutani kwenye chumba cha mikutano kama matokeo ya darasa la tatu.

Halafu kuna visanduku vya kuweka alama. Kikohozi kimeanza lini? Kifua kimesikilizwa? Usipoweka alama, kompyuta haikuachii uende kwa mgonjwa mwingine. Viliwekwa baada ya hospitali kushtakiwa, ili ikija kesi nyingine tuwe na ushahidi kwamba tuliuliza. Sasa, Dada, ukiwa na watu sitini mlangoni, unajifunza kuweka alama kwanza. Kuuliza utauliza ukipata nafasi.

Na watu si wajinga, wameona. Siku hizi mtu anaingia na simu inarekodi kwenye mfuko wa shati, anadhani sijui. Mwingine anakuja na karatasi kumi alizochapisha, ananisahihisha kabla sijafungua mdomo. Mama mmoja aliniuliza nikiwa naandika, "Daktari, hiyo dawa ni ya kuniponya mimi au ya kumpendeza aliyekupa hiyo kalamu?" Nikaitazama kalamu. Loo! Ina jina la dawa kweli, tena ile ile niliyokuwa namwandikia. Nilikasirika mchana kutwa.

Upweke wa kazi hii ndio sikuujua. Fundi cherehani wa hapa chini alikuwa rafiki yangu, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Tangu mdogo wake afie wodini kwetu, ananijibu salamu akiwa ameinamia cherehani. Siku hiyo hata sikuwa zamu, lakini nitamweleza nini? Nachemsha kikombe kimoja cha chai, naosha kikombe kimoja. Mlango ukigongwa najua ni mtu anataka kidonge cha kichwa. Siku moja dukani nilijikuta nimesimama kwenye foleni iliyo ndefu zaidi, kusudi nisikie watu wakipiga soga.

Haya, sasa lile lenyewe. Mwezi wa nne nilikwenda kumsalimia Baba Mkubwa siku yangu ya mapumziko. Nikakuta mkanda wake umetobolewa tundu jipya na sauti imemkauka. Nikamuuliza, akasema ni vumbi la saa za watu. Akanituma bisibisi ndogo kwenye droo. Juu ya bisibisi kulikuwa na karatasi ya dawa ya hospitali yetu, imekunjwa vizuri mara nne. Chini kuna jina langu na sahihi yangu, juu kuna namba ya foleni, 41. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Dada, roho ilinitoka ikarudi. Alikuja kwangu! Alichukua namba kama watu wote, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, akapewa barakoa mlangoni kwa sababu alikuwa anakohoa, akaingia chumba namba nne, akakaa mbele yangu. Nami sikumwona. Nilisema "Tatizo?" nikasikia mtu aliyekaukiwa na sauti akisema kikohozi. Jina lake lilikuwa pale pale kwenye skrini. Sikusoma jina, nilisoma namba. Nikaandika dawa ya maji na vidonge, nikaisukuma karatasi kando ya kompyuta, nikasema "Anayefuata." Anasema alikaa kidogo, akidhani namfanyia utani.

Nikamuuliza kwa nini hakusema ni yeye, kwa nini hakupiga simu nikampitisha mlango wa nyuma. Akasema alitaka kuona ninavyowafungulia watu saa zao. Unaijua sheria ya meza yake, imetulea sisi sote: saa ya mtu haifunguliwi mwenyewe akiwa hayupo. Mteja anakaa kwenye kigoda, anaona kifuniko kikitoka, anaonyeshwa kilichoharibika, ndipo kinashikwa. Wenye haraka aliwafukuza, hata tulipokuwa hatuna kitu ndani. Kisha akasema, bila ukali wowote, na heri angefoka:

"Hukuniangalia, Kidole."

Nikamshika mkono twende hospitali saa ile ile. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Yule ndiye daktari niliyemsomesha mimi," akasema. "Kama yeye hakuniangalia, mgeni ataniangalia?"

Akarudi kwenye saa yake.

Kesho yake nilifungua faili lake. Kikohozi: chini ya wiki mbili. Kifua: kimesikilizwa, hakina tatizo. Alama zote ni zangu, na sikuuliza wala sikusikiliza. Kikohozi kilikuwa na miezi miwili, Dada. Kulikuwa na kutoka jasho, kulikuwa na damu kidogo kwenye leso, ambayo Mama Mkubwa aliifua akanyamaza kwa sababu aliamriwa anyamaze. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia hivyo. Lakini yeye aliyaficha wapi? Aliyaleta mpaka mezani kwangu.

Wiki tatu nilikwenda kila nikitoka kazini, nikarudi mikono mitupu. Nilimtisha, nikamlilia, nikampelekea mwenzangu mmoja mwenye mvi na adabu. Baba Mkubwa akamkaribisha vizuri, akamrekebishia saa yake, akamuaga. Huku fundi viatu wa jirani anamsikilizisha kwenye simu mtu anayejiita profesa wa vitunguu, eti ajifukize mvuke mara tatu kwa siku. Baba Mkubwa akajifukiza! Mtu ambaye haamini hata utabiri wa mvua. Nilitaka kuitupa ile simu, lakini nikajiuliza, huyu wa vitunguu ana nini ambacho mimi sina? Anazungumza na mtu kwa nusu saa bila haraka, basi. Na kila siku mkanda unakazwa zaidi, nami nahesabu yale matundu nikijua hesabu inaelekea wapi.

Mwisho nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilifungua lile faili nikaandika chini ya zile alama: haya ya hapo juu si kweli, sikumuuliza mgonjwa na sikusikiliza kifua chake. Nikatia sahihi. Mchana haujafika, mkuu wetu kaniita. Si mtu mbaya, naye ana wekundu wake anaoulizwa huko juu. Aliniuliza kama najua kwamba nimempa mwanasheria kisu na shingo ya hospitali kwa pamoja. Kamati ya nidhamu itanikalisha mwezi ujao. Tangu siku hiyo, nikiingia chumba cha chai wenzangu wanakumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa. Siwalaumu. Kila mmoja ana alama zake.

La pili, niliomba ruhusa ya siku moja, nikaenda asubuhi kwenye meza ya Baba Mkubwa, nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Sikumshawishi hata kwa neno moja. Nilitoa kifaa changu cha kusikilizia kifua nikakivisha masikioni mwake yeye, nikaweka upande wa pili kifuani pake, juu kushoto, nikamwambia avute pumzi. Unayajua masikio yake, saa ikichelewa anaisikia kabla ya kuiona. Alifumba macho. Nikahamisha kulia, akavuta tena.

"Huku inakwaruza," akasema.

Nikamwambia ndiyo, inakwaruza, na bado sijui ni nini. Nikamweleza vipimo, kimoja kimoja, kipi kinatafuta nini na kipi huweza kukosea. Nilipomwambia sijui, ndipo alipoanza kutafuta viatu vyake.

Mlango wa nyuma alikataa katakata. Tulichukua namba tukakaa benchi, mimi bila koti langu jeupe, yeye na barakoa yake. Bibi mmoja kando yangu akaninong'oneza kwa huruma, "Omba usipangiwe chumba namba nne, mwanangu. Yule wa humo hana macho." Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa, wewe acha tu. Mimi nilicheka naye, halafu nikaenda chooni nikalia.

Ni kifua kikuu. Si ule ugonjwa mwingine niliokuwa nauogopa na kushindwa hata kuutaja. Ni vidonge vya miezi sita, na mtu akimeza bila kukosa siku, anapona. Mama Mkubwa amepimwa, ni mzima. Mimi pia nimepimwa. Ameanza kurudisha sauti, ndiyo maana ana nguvu za kunigombeza.

Kuhusu mimi, sijui kamati itaamua nini. Nimenunua waya mrefu, nimeisogeza kompyuta ukutani. Saa yangu ni nyekundu kutwa, na watu kwenye benchi wananuna kwa sababu foleni haiendi. Anayeangaliwa anafurahi, anayengoja anatukana, na wote wana haki. Wale wenye simu mfukoni bado wanarekodi. Nimeacha kuwachukia. Lakini jioni nikifunga mlango wa hiki chumba, natamani mtu wa kunigombeza kwa sauti yako. Nimekuwa mpweke, Dada. Nimeona aibu kukuambia kwa sababu watu wote nyumbani wanajivunia daktari wao, nami nilitaka wewe ubaki ukijivunia. Nisamehe kwa niliyomtendea baba yako.

Mpigie simu. Usimuulize ugonjwa, muulize saa, atakusimulia mwenyewe.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonikalisha kuandika leo. Dawa hii ina sharti. Kila siku lazima mtu mmoja amtazame mgonjwa akimeza, kwa macho yake, ndipo aweke alama kwenye kadi. Muuguzi alipomuuliza Baba Mkubwa anamtaka nani, nilijua atamtaja Mama Mkubwa, anayelala naye chumba kimoja. Akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Huyu," akasema. "Anahitaji mazoezi."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kazi, napita pale nakaa kwenye kigoda. Anaweka vidonge kiganjani, anavihesabu kwa sauti, anameza, kisha anafungua mdomo wazi kama mtoto nimwangalie mpaka chini ya ulimi. Ananiuliza, "Umeona?" Namjibu, "Nimeona, Baba Mkubwa." Ndipo ananipa kalamu niweke alama. Leo ilikuwa ya thelathini na nne, na zote ni za kweli.

Mama Mkubwa anakusalimu sana, anasema zile picha za watoto azipate kabla hawajaota ndevu. Fundi viatu naye anakusalimu, pamoja na vitunguu vyake. Nisalimie shemeji, na wanangu uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Mungu akulinde huko uliko, na akujalie watu wanaokutazama usoni wanapokuuliza hali.

Wako akupendaye na kukukumbuka kila siku,

Kidole.